Mabehewa Manne ya Nyuma

Tuliachana pabaya wiki iliyopita, wasomaji wangu, na salamu zenu zimenifikia. Nyingine si salamu, ni matusi. Nimeyapokea yote, na mkimaliza kusoma ya leo mtaniongezea.

Mnakumbuka nilikuwa nimesimama dirishani, treni inakunja kona, nikachungulia nyuma nilione behewa alimokaa dada yangu. Sikuliona. Treni yetu ilikuwa inaishia kwenye behewa nililomo mimi. Nyuma yetu palikuwa na reli tupu, na mbali kidogo, kwenye jukwaa la Njia Panda, nusu nyingine ya treni ilikuwa imesimama kimya.

Nikapiga kelele. "Jamani! Treni imekatika! Mwambieni dereva asimame, treni imekatika!"

Behewa zima likanigeukia. Kisha likaangua kicheko.

"Haijakatika," akasema mama mmoja aliyevaa fulana ya rangi ya chungwa, ndoo kaibana katikati ya miguu. "Imekatwa. Kila siku inakatwa hapo Njia Panda. Mabehewa manne ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege, manne ya nyuma yanakwenda hospitali. Limetangazwa mara tatu. Ulikuwa umelala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa na simu sikioni, naongea kwa sauti kubwa na mtu ambaye hakuwepo. Hilo nitalifikia.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, nieleze haraka. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Asubuhi ile nilikuwa nampeleka dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu nina miaka minne, kwenye hospitali ya macho katika mji ambao sote wawili tulikuwa wageni. Macho yake yamefungwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi. Alisubiri nafasi ya upasuaji miezi kumi na minne. Daktari mwenyewe huja mara moja kwa mwaka, na ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Daftari la mapokezi linafungwa saa nne kamili. Asiyefika, jina linafutwa, anaanza foleni upya.

Nikatazama saa. Saa tatu kasoro dakika kumi.

"Mama," nikamwambia yule wa ndoo, "dada yangu yuko kwenye yale mabehewa ya nyuma. Haoni."

Kicheko kikakatika. Watu wakaangalia chini.

"Umempoteza," akauliza Mama Ndoo, "au umemwacha?"

"Nimempoteza."

Akanipandisha, akanishusha kwa macho. "Haya. Mpigie simu akae palepale alipo."

Kweli bwana! Simu. Nikapiga upesi. Ikaita. Na mfuko wangu wa koti, upande wa kulia, ukaanza kulia.

Simu yake nilikuwa nayo mimi. Nilimchukulia asubuhi tulipotoka nyumba ya wageni, nikamwambia asije akaibiwa. Nikautia mkono ule mfuko na kutoa kimoja kimoja. Simu yake. Kadi yake ya treni. Barua yake ya rufaa. Chupa yake ya dawa ya matone. Kitambulisho chake, kile ambacho kwenye picha bado ana macho ya kumtazama mtu. Mfukoni mwangu nilikuwa nimembeba dada yangu mzima, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Mh," akasema Mama Ndoo.

Sasa hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima. Niliwaambia kwamba nilimwacha dada nyuma, nikaenda mbele kutafuta nafasi ya kukaa. Niliwadanganya. Nafasi zilikuwepo tele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa, tena dirishani.

Ilikuwa hivi.

Dada yangu ni fundi wa matundu ya vifungo. Kwa miaka thelathini ameshona matundu ya vifungo kwenye kiwanda cha sare, kwa mkono, moja baada ya jingine, na hayo ndiyo yaliyonisomesha na hayo ndiyo yaliyomla macho. Amezoea kuongea juu ya kelele za mashine. Akinong'ona yeye, mtaa wa pili wanaitika.

Basi pale kwenye treni alinyoosha mkono atafute chuma cha kujishikia, akaukamata mkono wa koti la bwana mmoja mwenye suti. Badala ya kuuachia, akaanza kuupapasa. Akafika kwenye vifungo. Akasikitika.

"Kaka, kitambaa umependeza," akasema, na behewa zima likasikia. "Lakini matundu haya wamekupiga. Mashine tupu. Mwezi hauishi yatakuwa yamefumuka yote. Nani amekushonea? Mrudishie!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nikikumbuka vizuri. Lakini yule bwana akauvuta mkono wake, akageuka huku na huku. "Jamani, huyu mama ana mtu wake? Nani kamleta?"

Na wakati huohuo akaingia mkaguzi wa kadi, mwanamke mrefu, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

"Kadi, mama."

"Kadi anayo mdogo wangu," akasema dada. "Ni mwalimu huyo. Huyu hapa." Akanyoosha mkono kunigusa.

Mimi nikasogeza magoti. Mkono wake ukagonga kiti.

Mkaguzi akanitazama. Yule wa suti akanitazama. Wasichana wawili waliokuwa wanacheka nao wakanitazama.

"Kaka, uko naye huyu?"

"Hapana," nikasema.

Nikaigusisha kadi yangu kwenye mashine yake, ikalia, taa ya kijani. Kadi ya dada ilikuwa imelala mfuko huohuo. Nikaiacha humo.

Mkaguzi akamwambia dada, "Kaa tu mama, tutaona mbele," akapita. Mimi nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea na mwalimu mkuu. Kituo kilichofuata nikashuka, nikatembea jukwaani kama mtu mwenye shughuli zake, nikapanda behewa la nne kutoka mbele. Dada sikumuaga. Nilijiambia nitakaa huko vituo viwili tu, watu wale washuke, nirudi.

Nilijiambia pia kwamba kwa kelele za treni hakunisikia.

Haya. Ndiye huyo mtu mliyekuwa mnamwonea huruma wiki nne. Tuendelee.

"Hii haisimami mpaka Viwandani," akasema Mama Ndoo. "Robo saa. Ukishuka pale, panda daraja, vuka upande wa pili, subiri inayorudi. Rudi mpaka Njia Panda. Pale utapanda ya buluu kwenda hospitali. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Ngoja nione kwenye ramani."

Ramani ilikuwa juu ya mlango. Mji wenyewe si mkubwa, una njia mbili tu, ya buluu na ya kijani. Nilikuwa nimeicheka ramani hiyo jana yake. Nimefundisha watoto mito yenye matawi ishirini, leo nishindwe na njia mbili? Zilichorwa sambamba mpaka Njia Panda, halafu kila moja ikashika upande wake. Mimi nikaona njia mbili, nikahesabu treni mbili. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba ni treni moja yenye safari mbili tumboni. Kumuuliza mtu nisingeuliza. Dada alitaka kuuliza, nikamkataza. Nilimwambia, "Mwalimu wa jiografia hapotei."

"Achana na ramani," akasema Mama Ndoo. "Nifuate mdomo wangu. Daraja, upande wa pili, inayorudi."

Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko likizo. Saa tatu na dakika tano nikaruka Viwandani mlango haujafunguka vizuri. Nikapanda ngazi mbili mbili. Na mimi, kwa ujuaji wangu, badala ya kufuata daraja nikafuata watu, nikajikuta nimetoka nje ya geti, nipo barabarani, malori yananipigia honi.

Nikageuka. Nikagonga kadi niingie tena. Taa nyekundu.

Nikagonga tena. Nyekundu. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.

"Una kadi mbili!" akaniambia mlinzi wa geti. "Mashine inazisoma zote mbili kwa pamoja, inachanganyikiwa. Itenge moja."

Kweli, kadi zetu zilikuwa zimegandana, yangu na ya dada. Nikazibandua. Nikagonga yangu, nikapita mbio. Treni ya kurudi ilikuwa inafunga milango. Nikaingiza bega, nikaingiza mguu, nikaingia mzima, koti likabaki limebanwa hadi kituo kilichofuata. Abiria wakanicheka tena. Safari hii sikujali.

Saa tatu na nusu nilikuwa Njia Panda, kwenye dirisha la maulizo. Mkuu wa kituo alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, anakunywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Namtafuta mama mmoja," nikamwambia, nahema. "Alikuwa mabehewa ya nyuma. Haoni vizuri. Amefunga kilemba cha zambarau."

"Yupo peke yake?"

"Ndiyo. Hapana. Yuko na mimi."

Akanitazama juu ya kikombe. Akanyanyua simu ya mezani, akapiga Kituo cha Hospitali. Akasikiliza. Akaitikia mara tatu, akaziba simu kwa kiganja.

"Wanaye."

Nikashika dirisha. "Asante. Asante sana mzee. Basi waambie wampeleke—"

"Subiri. Hawawezi kumpeleka popote. Alifika getini hana kadi, hana simu, hana karatasi. Anasema anaye mdogo wake kwenye treni. Lakini mkaguzi anasema huyo mama hana mtu. Anasema alimuuliza abiria aliyekaa naye, abiria akajibu hamjui." Akaweka kikombe chini. "Mtu wa namna hiyo tunamkabidhi kwa ndugu tu, au kwa ustawi wa jamii. Ustawi wameshapigiwa, wako njiani. Sasa wewe ni nani wake?"

Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu saba au wanane. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Vijana wa chuo. Mzee mwenye fimbo.

"Mimi ndiye mdogo wake."

"Na huyo abiria aliyemkana?"

Ningeweza kudanganya, nisiwafiche. Uongo ulikuja wenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, umeshavaa na viatu: mkaguzi amekosea, alimuuliza mtu mwingine. Nani angebisha? Lakini ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tatu, na ustawi wa jamii walikuwa njiani kuja kumchukua dada yangu wampeleke kwenye nyumba ya wasio na watu.

"Ni mimi," nikasema.

"Sijakusikia."

"Ni mimi niliyesema simjui!"

Yule mwenye mtoto mgongoni akasema taratibu, "Ebo." Basi. Neno hilo tu.

Mkuu wa kituo akaondoa kiganja kwenye simu. "Anakuja," akasema. "Ndiye mdogo wake. Ndiye huyohuyo." Akaikata, akachukua kikombe chake, akanigeuzia mgongo. "Jukwaa la tatu. Dakika mbili."

Saa tatu na dakika arobaini na sita nikashuka Kituo cha Hospitali. Ofisi ilikuwa nyuma ya mageti, chumba kidogo chenye dirisha moja, birika la umeme na benchi la mbao. Chumba hichohicho ndicho wanachowekea vitu vilivyosahauliwa na abiria. Kulikuwa na miavuli kwenye pipa, mabegi yenye vibandiko vya tarehe, kiatu kimoja cha mtoto. Na katikati ya vitu hivyo, kwenye benchi, alikuwa amekaa dada yangu.

Alikuwa anashona. Koti la mkaguzi lilikuwa mapajani mwake, sindano yake, ile anayotembea nayo kaichomeka kwenye pindo la kilemba, inapanda na kushuka. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinatazama. Mkaguzi alikuwa amekaa ubavuni pake, amebaki na blauzi, anamshikia uzi.

Mkaguzi akanyanyua uso, akaniona. Akasimama.

"Wewe!"

"Ndiyo."

"Wewe si ndiye—"

"Mwalimu amefika," dada akamkatiza. Alikuwa ameshaujua mwendo wangu tangu mlangoni. Hakuacha kushona. "Pole na safari, mwalimu."

Miaka arobaini na moja dada ananiita Kitinda, kwa sababu mimi ndiye kitindamimba. Aliniita Kitinda siku niliyoajiriwa. Aliniita Kitinda mbele ya wakwe zangu, nikaona haya. Mwalimu hajawahi kuniita. Na "pole na safari" ni maneno anayompa mgeni.

"Dada," nikasema, "treni ilikatwa, mimi sikujua, nilikuwa—"

"Nimeelezwa. Ni mabehewa manne manne." Akakata uzi kwa meno. "Ndiyo usafiri wao wa huku."

Mkaguzi hakuwa na subira ya namna hiyo. "Mama, sheria inanitaka nikuulize. Huyu ndiye mdogo wako?"

Dada akakung'uta lile koti, akapapasa kifungo, akakivuta kuona kama kimeshika. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tatu na dakika arobaini na tisa.

"Ana barua yangu?" akauliza.

"Ninayo, dada. Hii hapa."

"Basi ni yeye."

Nikamsogelea, nikampa mkono wangu aushike kama anavyoushika siku zote, juu kidogo ya kiwiko. Aliusikia, najua aliusikia, kwa sababu uligusa shali lake. Akanyoosha mkono upande wa pili.

"Mwanangu mkaguzi, umesema hospitali si mbali?"

"Ni kuvuka daraja tu, mama. Nina mapumziko ya dakika ishirini. Twende."

Wakatangulia, wameshikana. Mimi nikafuata nyuma na mfuko wangu uliojaa. Getini nikatoa kadi yake, nikaigonga, geti likafunguka, akapita bila kugeuka. Juu ya daraja upepo ulikuwa mkali, dada akawa anamsimulia mkaguzi namna ya kumjua fundi mwongo kwa kugeuza nguo ndani nje. Mkaguzi akacheka. Sauti ya dada ilikuwa kubwa kama kawaida. Watu waliopishana nasi waligeuka kutazama, nami nikatamani wageuke zaidi, waniulize tena. Hakuna aliyeniuliza.

Karani wa mapokezi alikuwa na miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya jalada la daftari.

"Saa nne kasoro dakika tatu," akasema. "Nilikuwa nafunga. Barua?"

Nikaitoa. Ilikuwa imekunjamana na kulowa jasho. Akaisoma, akapekua daftari, akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Huyu hapa. Wa mwisho." Akagonga muhuri, na ule mlio nilitamani kuubusu. "Macho yote mawili, moja leo, jingine baadaye. Msindikizaji ni nani?"

"Mimi," nikasema haraka.

"Andika hapa. Bandeji inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Huwa tunataka mtu wa nyumbani akae mbele ya mgonjwa, kusudi akifungua jicho aone uso anaoujua. Inawatuliza. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Awepo," akasema dada. "Ila asikae mbele yangu."

Karani akavua miwani ya puani. "Kwa nini, mama?"

"Mwanangu, mimi huyu sijamwona miaka sita. Sura yake niliyonayo kichwani ni ya zamani, kabla macho hayajafunga. Ni sura ya mtu anayenipenda." Alisema kwa sauti ya chini, na mimi sikujua kama dada yangu anayo sauti ya chini. "Nataka nikae nayo kidogo. Hiyo nyingine nitaizoea polepole."

Alinisikia. Wasomaji wangu, alinisikia tangu mwanzo, na ule mkono wake uliogonga kiti alikuwa anaujua umegonga nini na kwa nini. Macho ndiyo yaliyokufa, masikio yake ni mazima.

Nilitaka kusema samahani, na nikaona ni neno dogo mno kulitoa mbele ya karani. Nesi akaja na kiti cha magurudumu. Dada akakikataa, akashika mkono wa nesi, wakaingia kwenye mlango wa bawaba. Saa ya ukutani ikagonga saa nne.

Tulibaki mimi na mkaguzi kwenye korido. Alikuwa amevaa koti lake, anakipapasa kile kifungo kipya.

"Unajua alinieleza nini muda wote ule?" akaniambia. "Kwamba mdogo wake ni mwalimu, na kwamba huwa hapotei. Nikamwambia mama, labda hana mpango wa kurudi. Akasema utarudi, kwa sababu barua yake unayo na wewe si mtu wa kutupa karatasi." Akaangalia saa yake. "Mimi nilikuwa nimeshakuandika kwenye ripoti. Sasa sijui niandike nini."

"Andika ulichokiona," nikamwambia.

"Nitaandika," akasema. Akaondoka, viatu vyake vikilia sakafuni mpaka mwisho wa korido.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Mfuko ulikuwa mwepesi sasa, barua imeshakwenda. Nikajipa moyo. Dada yuko ndani. Jina limepigwa muhuri. Ataona. Mengine yote yanatengenezeka, mtu na dada yake hawakosi la kuzungumza. Nitamwomba radhi kesho. Nitamweleza kwamba ilikuwa mara moja tu, nilighafilika, watu walikuwa wanatazama.

Nilikuwa naendelea kuyapanga hayo maneno mlango wa bawaba ulipofunguka kwa nguvu. Nesi. Barakoa imeteremka kidevuni, glavu mkononi.

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Mimi."

"Dada yako amegoma."

"Amegoma nini?"

"Kulala mezani. Dawa iko tayari, daktari amenawa, yeye amekaa wima kashika kingo za meza. Anasema haguswi mpaka ajibiwe swali moja, na wa kulijibu ni wewe. Na daktari amesema anampa dakika tano. Ana ndege mchana."

"Swali gani?" Nilikuwa nimeshasimama.

"Anasema nikuulize, ile ya leo ilikuwa mara ya ngapi." Nesi akakunja uso. "Mimi sijui ni mara ya ngapi ya nini. Ila kasema usimdanganye, sauti yako akiisikia atajua. Njoo umjibu mlangoni."

Nikamfuata hatua mbili, nikasimama. Kulikuwa na siku ya mahafali ya chuo. Kulikuwa na ile siku alipokuja shuleni na mfuko wa sare, wanafunzi wangu wakaniuliza ni nani. Kulikuwa na fomu moja ya kazi, sehemu ya mlezi niliyoiacha wazi.

"Mwalimu, dakika zinakwenda," akasema nesi. "Ni ngapi?"

Mimi nilikuwa bado nahesabu.